Mkubwa Aliahidi, Wenzake Wakamfaa

Mara nyingi twawasikia wazazi wakisema: "Kijana wetu amejifunza kazi, lakini atafika wapi? Hatuna mtu mjini." Maana yao ni kwamba hawana mkubwa wa kumshika mkono. Basi leo tusimulie habari za kijana aliyempata mkubwa wa namna hiyo, akamtumaini, akaachwa peke yake ugenini. Na jinsi alivyoinuka baadaye kwa njia nyingine kabisa.

Jina lake ni Benjamin Franklin. Alizaliwa mwaka 1706 mjini Boston, katika nchi ambayo leo ni Marekani, lakini siku zile ilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto wengi. Shuleni Benjamin hakutimiza hata miaka miwili. Akawekwa kwa kaka yake ajifunze kazi ya kupiga chapa. Wakagombana, naye mwaka 1723, akiwa na miaka 17, akatoroka, akafika mji wa Philadelphia amechoka, mfukoni ana fedha kidogo tu. Akanunua mikate mitatu. Mmoja akaula huku anatembea. Miwili akampa mama mmoja na mtoto wake waliokuwa naye katika mashua.

Akapata kazi kwa mpiga chapa wa mji ule. Gavana wa jimbo, Sir William Keith, akasikia habari zake, akaja mwenyewe kumtafuta. Akamwahidi kumfungulia kiwanda chake. Aende London kununua mtambo na herufi, naye gavana atampa barua za kumjulisha kwa watu wa huko na barua ya kumpatia fedha. Nani asingefurahi?

Mwaka 1724 kijana akajiandaa kusafiri. Kila alipokwenda kuchukua barua, aliambiwa bado. Mwisho akaambiwa zitaletwa melini. Meli ilipokaribia Uingereza, mfuko wa barua ukafunguliwa. Yake haikuwamo hata moja! Abiria mwenzake, mfanyabiashara Thomas Denham, ndipo akamweleza kwamba gavana yule mwenyewe hakuna mtu wa kumkopesha. Angewezaje kumdhamini mwingine?

Basi akafanya kazi ya kibarua katika viwanda vya chapa vya London karibu mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1726, akirudi kwa meli, alichukua kalamu akaandika kanuni za maisha yake. Zilikuwa chache: abane matumizi mpaka amelipa madeni yake, aseme kweli, wala asimpe mtu tumaini asiloweza kulitimiza, ashike kazi yake kwa bidii bila kukimbilia utajiri wa ghafla, tena asimseme mtu vibaya. Tazameni, hakuandika kwamba ataka kuwa tajiri. Aliandika mambo ambayo mtu aweza kujiuliza kila jioni: Nimefanya, au sikufanya?

Mwaka uliofuata alikusanya wenzake wakaunda chama kidogo, wakakiita Junto. Hawakuwa wakubwa. Alikuwamo mnakili wa hati, fundi wa vioo, mpima ardhi, fundi viatu, seremala na karani wa duka. Mwanzoni walikubaliana wasizidi 12. Walikutana kila Ijumaa jioni, na kila mara walikuwa na maswali ya kujibu. Je, yuko mtu mjini aliyefilisika, na sababu ni nini? Yuko anayestawi, na kwa njia gani? Yuko kijana anayeanza kazi, anayestahili kusaidiwa? Katika sisi yuko anayehitaji msaada wa wenzake? Tena aliyebisha kwa ukali alitozwa faini ndogo, maana walikuja kujifunza, si kushindana.

Mwaka 1728 Franklin na mwenzake Hugh Meredith walifungua kiwanda chao. Mnakili wa hati, Joseph Breintnall, akawapatia kazi kubwa: kupiga chapa karatasi 40 za kitabu kilichokuwa kikichapwa. Malipo yalikuwa madogo, lakini Franklin alijiwekea shabaha: kila siku karatasi moja, hata ikiwa usiku. Usiku mmoja, amekwisha maliza, herufi alizozipanga zikaanguka zikatawanyika, kurasa mbili zikaharibika. Hakulala. Alizipanga upya mpaka zikatimia, ndipo akaenda kitandani. Majirani waliiona taa yake, na wafanyabiashara wakaanza kumzungumzia vizuri.

Kisha shida ikaja. Baba yake Meredith alikuwa ameahidi kulipa pauni 200 za mtambo. Akalipa 100, zilizobaki zikamshinda. Mfanyabiashara aliyewauzia akawashtaki. Kiwanda kilikuwa karibu kuuzwa. Ndipo wakaja marafiki wawili wa Junto, yule karani William Coleman, na Robert Grace, kijana mwenye mali. Kila mmoja alikuja peke yake, bila kujua habari za mwenzake, bila kuombwa, akasema yu tayari kutoa fedha zote ili Franklin achukue kiwanda peke yake, kwa kuwa Meredith alionekana mara nyingi amelewa.

Franklin alijibu kwamba hawezi kumwacha Meredith maadamu yako matumaini kwamba baba yake atatimiza ahadi. Baadaye Meredith mwenyewe akakiri kwamba kazi hii haimfai na kwamba ataka kurudi kulima. Aliomba baba yake arudishiwe zile pauni 100, madeni yake madogo yalipwe, naye apewe pauni 30 na tandiko jipya la farasi. Wakaachana kwa amani. Franklin akachukua nusu ya fedha kwa Coleman na nusu kwa Grace, asimpendelee mmoja.

Maktaba iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1731 ilizaliwa katika chama hicho. Mwaka 1748, akiwa na miaka 42, Franklin aliweza kuacha kazi ya kiwanda, maana kilikuwa kikimlisha vya kutosha.

Ndugu msomaji, ulinganishe. Gavana alimjua kijana kwa kusikia sifa zake; ahadi haikumgharimu kitu, kuivunja pia haikumgharimu. Coleman na Grace walimjua kwa kukaa naye Ijumaa baada ya Ijumaa, na kwa kuiona kazi yake. Ndiyo maana walithubutu kutoa fedha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini rafiki huyo hapatikani siku ya dhiki. Hutafutwa mapema, wakati ungali na kitu cha kumpa.

Jambo hili halihitaji mji mkubwa. Katika kijiji yuko seremala, yuko mshonaji, yuko mama auzaye maziwa, yuko mwenye duka na kijana atengenezaye baiskeli. Wakutane watano au sita, siku moja ya juma, saa moja tu. Kila mmoja aseme shabaha moja ya juma hilo, ndogo na ya kupimika: kumaliza viti vinne, kulipa deni la vitambaa, kupata wateja wawili wapya wa maziwa. Juma lijalo aeleze kama imetimia. Kisha waulizane: Nani amesikia habari ya kazi? Nani amekwama? Seremala akiulizwa na mteja habari za mapazia, amtaje mshonaji, naye mshonaji amtaje seremala. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyo vingi siku hizi vyaweza kuongeza maswali hayo kabla ya kufungua sanduku.

Lakini liko sharti: jina la mwenzako usilipeleke kwa mteja ikiwa kazi yake ni mbovu. Umwambie kwanza ajirekebishe. Chama cha kusifiana bure hakitamfaa mtu.

Basi wazazi, kijana wenu akiwaambia kwamba hana mtu mjini, mwulizeni: Hapa kijijini ni nani aliyeiona kazi yako juma hili?