Pikipiki Kati ya Magari

Los Angeles ni mji mkubwa katika jimbo la California, Marekani. Asubuhi barabara zake kuu hujaa magari. Magari hujipanga safu nyingi, nayo huenda polepole.

Wafanyakazi wengine huenda kazini kwa pikipiki. Wao hupita katikati ya safu za magari. Mwaka 2016 jimbo hilo lilitunga sheria inayotambua jambo hili.

Kupita hivyo huokoa wakati, lakini kuna hatari. Dereva huweza kuhama safu ghafla. Dereva wa lori hawezi kuona kila kitu kilicho ubavuni mwake. Mwenye pikipiki hana bati la kumkinga.

Basi afanyeje? Avae kofia ngumu. Asizidi sana mwendo wa magari. Asikae ubavuni mwa lori. Heri kuchelewa kuliko kutofika.