Ndege Wadogo wa Uani na Suala la Kuwataja: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ua wa nyumba aghalabu hupakana na shamba la migomba na mibuni. Mtama na maharage huanikwa uani, na punje zinazosalia huwavuta ndege wadogo. Mgeni akiuliza majina yao kwa Kiswahili, huenda akajibiwa kwamba wote ni shomoro au chiriku. Jibu hilo latosha katika mazungumzo ya kila siku, lakini huficha viumbe wa jamii mbalimbali.

Utambuzi hauanzii kwenye rangi, kwani rangi hutofautiana kwa jinsia, umri na majira. Alama ya kwanza ni mdomo: mfupi na mnene ni wa mla mbegu, mwembamba uliopinda ni wa chozi, anayefyonza mbochi wa maua. Kisha hutazamwa umbo la mkia, namna ya kula, ndege anaoandamana nao, na sauti. Rangi huja mwisho, kuthibitisha.

Chukua mfano wa Uraeginthus bengalus, ndege wa kahawia mgongoni na samawati kifuani. Doa jekundu la shavuni analo dume peke yake. Hivyo jina lenye msingi wa shavu jekundu humwacha jike nje. Hata jina la kisayansi lina dosari. Linnaeus alipolitoa mwaka 1766, ilidhaniwa kwamba ndege huyo alitoka Bengali, kumbe makazi yake ni Afrika. Jina limebaki, kwa kuwa kazi yake kuu ni kutambulisha, si kueleza.

Vidua macroura hutatiza zaidi. Wakati wa kuzaliana dume huwa na weusi na weupe, mdomo mwekundu na mkia unaoupita mwili wake kwa urefu. Majira yakipita, mkia huo hutoweka, naye hufanana na jike mwenye michirizi ya kahawia. Asiyejua mabadiliko hayo atahesabu aina mbili mahali penye moja.

Suala hili si la wanaleksikografia pekee. Kweleakwelea, waharibifu wa nafaka, huuawa kwa kunyunyiziwa sumu nchini Tanzania. Mdomo mwekundu wanao pia Lagonosticta senegala, ndege wadogo zaidi wanaookota mbegu chini, karibu na makazi ya watu. Kumwita ndege huyu kwelea kwa sababu ya mdomo wake ni kumtwisha hatia isiyo yake.

Kwa mintarafu hiyo, fasili ya kamusi inayokomea kwenye maneno "ndege mdogo" haimsaidii msomaji. Kidahizo cha ndege hakina budi kutaja mdomo, mkia, chakula, tofauti ya dume na jike, na jina la kisayansi. Aidha, Kiswahili kinaweza kunufaika na Runyambo, lugha ya wenyeji wa eneo hili. Wazee na watoto waliolinda mtama dhidi ya ndege ni watu wa kuulizwa kwanza, ndege mwenyewe akiwa mbele ya macho, ili jina lirekodiwe pamoja na alama zake. Jina lililokusanywa bila alama hizo laweza kuingia kamusini likimtaja ndege asiyehusika.