Fundi wa mikate na wasia wa wajukuu mayatima



Ndugu Waislamu, makala yetu ya Ijumaa hii ni kumbukumbu ya mzee mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu. Jina lake hatulitaji. Hakuwa sheikh wala mtu wa mimbari. Alikuwa fundi wa mikate tangu ujana wake hadi mikono ilipoishiwa nguvu ya kukanda, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa pia mlezi wa wajukuu watatu ambao baba yao alitangulia mbele ya haki.

Kazi ya mikate ni kazi ya usiku. Baada ya sala ya Isha unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi, sukari kidogo na hamira, kisha huachwa uumuke. Wakati huo kuni huwaka ndani ya tanuri mpaka kuta zishike moto. Makaa hukokotwa nje, sakafu ya tanuri hupanguswa kwa gunia lililoroweshwa maji, ndipo mikate ya boflo inapoingizwa kwa ubao wenye mpini mrefu. Mwadhini anapoita Alfajiri, mikate ya mwanzo imeshatoka na vijana wa baiskeli wanaipanga katika masanduku yao. Mwezi wa Ramadhani ratiba hupinduka, kwa kuwa watu hutaka mkate wa moto kwa futari, na tanuri huwashwa mchana. Kiu ya saumu mbele ya tanuri haisimuliki.

Babu alikuwa mkali juu ya mizani. Mkate unapoiva hupoteza uzito, kwa sababu sehemu ya maji hutoka kwa mvuke, na fundi asiyemcha Mungu hupata hapo kisingizio kizuri. Yeye alipima donge la unga likiwa na ziada ya kufidia kile ambacho moto ungekichukua. Akiulizwa, huitaja Suratul Mutaffifin, ambayo aya zake tatu za mwanzo zinawaonya wale ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia wengine hupunja. Na mikate ya mwanzo kutoka tanurini haikuuzwa. Ililiwa na vijana wake waliokesha naye, kwa chai ya rangi. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameagiza kwamba mtumishi akimletea mtu chakula, basi amkalishe ale naye, au walau ampe tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyestahamilia joto na taabu ya kukiandaa. Ni wangapi katika matajiri wetu wanaoikumbuka Hadithi hii jikoni mwao?

Kwa wajukuu alikuwa mtu mwingine kabisa. Ukali wote uliishia mlangoni mwa bekari. Mdogo wao alimpeleka msikitini akiwa begani, na walipokuwapo walionuna, Babu hakujibu neno. Wenye elimu walijua kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe alisali hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Mtoto wake wa pili wa kiume alipofariki, Babu aliambiwa kwamba yeye, akiwa baba wa marehemu, ana fungu lake katika mirathi. Ndivyo ilivyo. Suratun Nisaa, aya ya 11, inampa baba sudusi, yaani sehemu moja ya sita, ikiwa marehemu ameacha mtoto. Mzee alilipokea fungu hilo, kisha akawarudishia mayatima lote. Lakini hapo ndipo alipouliza swali ambalo wengi wetu hatuliulizi: na mimi nikifa, hawa watapata nini kwangu?

Jibu lilimkosesha usingizi. Maadamu mtoto wa kiume wa marehemu yuko hai, wajukuu wa mtoto aliyetangulia wanazuiliwa na ami yao, hawarithi kitu. Babu alikuwa na watoto wawili wa kiume waliobaki, binti mmoja na mke. Wajukuu watatu wangetoka mikono mitupu katika nyumba waliyolelewa.

Tumehudhuria matanga mengi, na tumeyaona haya kwa macho yetu. Khitma inasomwa, biriani inaliwa, na baada ya arubaini mama wa mayatima anaambiwa atafute pa kukaa kwa kuwa "sheria imesema." Sheria haikuishia hapo. Aya ya nane ya sura hiyo hiyo inawataka wanaogawana mirathi wawape kitu jamaa, mayatima na masikini waliohudhuria, na kusema nao maneno mema. Tena kabla ya mirathi kuna wasia, nao hauzidi thuluthi ya mali, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza Saad bin Abi Waqqas, na hauandikiwi mrithi. Mjukuu aliyezuiliwa si mrithi, kwa hiyo mlango huo uko wazi kwake. Nchini Misri, sheria ya wasia ya mwaka 1946 ililifanya fungu la wajukuu wa namna hii kuwa la lazima, kwa mpaka wa thuluthi. Pakistan nayo ilitunga sheria yake mwaka 1961. Kwetu pwani, ambako wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, mambo yako mikononi mwa babu mwenyewe, aandike au asiandike.

Babu aliandika. Kwanza alipanga mikate minane juu ya sinia mbele ya wanawe. Lau ndugu yenu angekuwa hai, aliwaambia, mama yenu angepata mkate mmoja, dada yenu mmoja, na kila mtoto wa kiume miwili. Basi ile miwili ya marehemu ndiyo nitakayowaandikia wanawe. Miwili katika minane ni robo, na robo haifiki thuluthi. Mashahidi walikuwa majirani wawili wasiohusika na mirathi.

Alipofariki, madeni ndiyo yaliyotangulia baada ya gharama za maziko. Mfanyabiashara wa unga alilipwa na muuza kuni alilipwa. Ndani ya droo lilikutwa pia daftari la wateja wa mkopo, na kurasa zake nyingi zilikuwa zimepigwa mstari. Kila mwisho wa Ramadhani, alipokuwa mzima wa afya, Babu alikuwa akiwafutia walioshindwa kulipa, wengi wao wajane, akiifuata aya ya 280 ya Suratul Baqara juu ya mdaiwa mwenye dhiki. Wanawe hawakuwa wakijua.

Kisha ikatolewa robo ya wajukuu, yaani mikate miwili katika minane. Iliyobaki sita ikagawanywa upya kwa warithi. Mjane alipata thumuni ya hiyo sita, ambayo ni robo tatu ya mkate, badala ya mkate mzima ambao angeupata mumewe angekufa kabla ya msiba wa mtoto wao. Binti alipata mmoja na kitu kidogo, na kila mtoto wa kiume miwili na kitu kidogo. Mtu mmoja wa ukoo alijaribu kumchochea mjane kwamba amepunjwa. Bibi huyo alijibu kwamba hao watatu wanalala chumbani kwake, na mkate wao ataula pamoja nao.

Bekari haikuuzwa. Ami zao wanaiendesha, na kila Alhamisi baada ya Alasiri hesabu hufanywa kwa daftari jipya, na robo ya faida hukabidhiwa mama wa watoto kwa maandishi.