Masomo ya kompyuta yalivyowatia hasara wenye hisa

KAMPUNI ya 2U ya Marekani, iliyokuwa ikiviuzia vyuo vikuu huduma ya kufundisha kwa intaneti, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Julai 2024. Hisa zake, zilizoanza kuuzwa katika soko la Nasdaq mwaka 2014 kwa dola 13 kila moja, zilifutwa. Kampuni ikabaki mikononi mwa waliokuwa wakiidai.

Kiini cha tatizo ni deni. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunua edX kwa dola milioni 800, sehemu kubwa ikiwa ya mkopo. edX ilianzishwa mwaka 2012 na vyuo vya Harvard na MIT, kila kimoja kikitoa dola milioni 30.

Bidhaa yenyewe haikuwa mbovu. Mhadhara hugawanywa vipande vifupi, na katikati mwanafunzi hujibu maswali na kusahihishwa papo hapo. Lakini masomo mengi yalikuwa ya bure, na wengi hawakuyamaliza. Somo la kwanza la MIT, la saketi za umeme, liliandikisha watu karibu 155,000. Waliofaulu ni 7,157.

Wanafunzi wengi, basi, si mapato mengi. 2U iligawana karo na vyuo, huku ikibeba gharama za kuwatafuta wanafunzi.

Aliyeuza edX alilipwa taslimu. Mwenye hisa za 2U alibaki na karatasi. Mwekezaji mdogo anayevutiwa na biashara hii aulize mawili: nani analipa karo, na kampuni inadaiwa kiasi gani?