Vitabu 84,000 Ndani ya Matofali

Tarehe 25 Septemba 1924 mnara wa Leifeng, ulio kando ya ziwa mjini Hangzhou, China, uliporomoka. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakichomoa matofali yake, wakiamini kwamba kipande kikiwekwa nyumbani huleta baraka na kinga. Ulipoanguka, ndani ya matofali yaliyotobolewa matundu yakaonekana magombo membamba ya karatasi, yaliyochapwa mwaka 975, kisha yakakunjwa na kuzibwa humo.

Gombo mojawapo limo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Sisi tunaokaa Greenbelt, nje kidogo ya Washington, tunapanda treni ya mstari wa kijani hapa mwanzo wa reli, tunabadilisha njiani, na mara tumefika jirani nalo. Asiyeweza kwenda ataziona picha zake kwenye tovuti ya maktaba hiyo. Urefu wake ni kama mita mbili, lakini kimo chake ni sentimita chache tu, ili lienee katika tundu la tofali.

Aliyeagiza kazi hiyo ni Qian Chu, mfalme wa Wuyue, dola iliyotawala Hangzhou wakati huo. Maandishi ya mwanzo wa gombo yanasema amechapisha nakala 84,000. Namba hiyo naiona ni ya ibada zaidi kuliko ya karani wa stoo, kwa kuwa Wabudha husimulia kwamba mfalme Ashoka wa India alijenga minara 84,000. Hata hivyo magombo yalikuwa mengi kweli, na hayakukusudiwa kusomwa na mtu yeyote. Andiko la Kibudha lililochapwa humo linaahidi kwamba atakayelinakili na kuliweka ndani ya mnara, mnara huo utakuwa kana kwamba umehifadhi masalia ya Mabudha wote. Thawabu ilikuwa katika kunakili na kuweka.

Tumezoea kufundishwa kwamba uchapaji uliletwa na kiu ya kusoma. Huko Mashariki ya Mbali, thawabu ilitangulia. Malkia Shotoku wa Japani alichapisha dua za Kibudha, zikatiwa ndani ya minara midogo ya mbao inayotajwa kuwa milioni moja. Kazi ilikamilika mwaka 770. Tofauti kubwa na Sultan Barghash, aliyeleta mitambo ya chapa Unguja karibu na mwaka 1880 na kuchapisha vitabu vya fikihi ya Kiibadhi: yeye alitaka wanazuoni wasome.

Kazi ya mikono ilikwenda hivi. Mbao zilikuwa za mti mgumu wenye nyuzi laini, kama mpea, au jamaa wa mkunazi wetu. Mwandishi mwenye hati nzuri aliandika maneno kwenye karatasi nyembamba sana. Karatasi ikapakwa gundi ya mchele na kubandikwa kifudifudi juu ya ubao, kisha ikasuguliwa taratibu mpaka ikaisha, ukabaki wino peke yake, herufi zikiwa kinyume. Hapo ndipo patasi ilipoingia. Fundi wa milango ya Zanzibar huondoa mbao ili ua lisimame. Huyu naye aliondoa kila kisichokuwa wino, na herufi zenyewe hazikuwa kubwa kuliko punje ya mahindi. Mkono ukiteleza, kosa lilichimbwa, kikapachikwa kipande kipya cha mbao, kikachongwa upya.

Kuchapa kulikuwa kwepesi. Hapakuwa na mashine ya kukandamiza. Ubao ulipakwa wino wa masizi kwa brashi, karatasi ikatandazwa juu yake, ikasuguliwa mgongoni kwa brashi kavu, ikabanduliwa. Matteo Ricci, mmisionari Mwitalia aliyeishi China hadi kufa kwake mwaka 1610, aliandika kwamba mchapaji stadi aliweza kutoa karatasi 1,500 kwa siku. Tukikubali kasi hiyo, ubao mmoja ungetoa karatasi 84,000 kwa siku 56 za mtu mmoja. Kwa hiyo agizo la mfalme halikuwa ndoto. Gharama kubwa ilikuwa kwenye uchongaji. Ubao ukishakamilika, ulikuwa mali ya kuhifadhiwa na kuchapishwa tena.

Watawala wa China wa ukoo wa Song, ambao Qian Chu aliwakabidhi ufalme wake mwaka 978, walikwenda mbali zaidi. Kati ya 971 na 983 walichongesha mkusanyo mzima wa maandiko ya Kibudha, mbao zipatazo 130,000, kazi ikianzia Chengdu. Mbao hizo zimepotea. Za Korea zilizochongwa karne ya 13, zaidi ya 81,000, zingalipo hadi leo katika hekalu la Haeinsa.

Magombo ya Leifeng yalipotoka kwenye vifusi, wengi waliyagombania. Mengi yalikuwa yameoza, hasa upande wa nje wa mkunjo, ndiyo maana yaliyobaki na mwanzo wake mzima ni adimu. Bei ikapanda, na mafundi wakachonga mbao mpya za andiko lilelile, wakachapa magombo bandia ya kuuza. Ndiyo sababu wataalamu huyalinganisha leo herufi kwa herufi, wakitafuta mahali patasi ya baadaye ilipokata tofauti na ile ya mwaka 975.