Lenzi ya Kuchunguzia Metali

Kipande cha feleji kikisuguliwa mpaka king'are, kisha kikachovywa kidogo katika spiriti yenye asidi ya naitriki, hadubini huonyesha mistari iliyolala sambamba: tabaka la chuma laini, tabaka la kampaundi ngumu ya chuma na kaboni. Henry Clifton Sorby wa Sheffield aliichunguza katika karne ya 19. Nafasi kati ya mistari hiyo mara nyingi haifiki mikromita 1, na kwa udogo huo rangi za mwanga huanza kuleta matata.

Lenzi moja peke yake hupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo kila rangi hukutania mahali pake na ukingo wa mstari huchafuka. Dawa ya kwanza ni kuoanisha lenzi mbinuko ya kioo cha krauni na lenzi mbonyeo ya kioo cha flinti. Buluu na nyekundu hukutana. Kijani hubaki nje kidogo. Mwaka 1886 Ernst Abbe wa Jena, kwa vioo vipya vya Otto Schott na madini ya floraiti, alikutanisha rangi tatu.

Anayechunguza damu angeweza kutosheka hapo. Lakini chuma hakipitishi mwanga. Inabidi taa imulike kupitia lenzi ileile ya kutazamia, na mwanga ugonge metali urudi ulikotoka. Njiani, kila uso wa kioo usiopakwa kitu huakisi takriban asilimia 4, na mwanga huo usiowahi kugusa sampuli huishia jichoni na kufifisha picha. Kwangu hili ndilo fumbo zuri kuliko yote katika kazi hii: kila kipande unachoongeza kusahihisha rangi huja na nyuso zake za kuakisi. Mbunifu hugundisha vipande ili hewa isiingie kati yavyo, na huchagua mipindo isiyokusanya mwakisiko kwenye picha. Nafuu kubwa ilitokana na utando mwembamba wa kupunguza mwakisiko, ambao Alexander Smakula wa Zeiss aliubuni mwaka 1935.

Tena, sampuli ya metali haifunikwi kwa kigae cha kioo. Ukinunua lenzi iliyotumika, soma ubavuni: 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kigae ambacho lenzi hiyo inakitegemea. Ya metali huandikwa 0. Kwenye ukuzaji mkubwa, ukizichanganya, hata usahihishaji bora wa rangi hautakupa mistari iliyo wazi.