MBWA WAKO AMEMEZA NINI?

Mbwa ni mlinzi wa nyumba. Usiku hubweka mgeni akija. Mchana hufukuza ngedere shambani, na huenda malishoni pamoja na mbuzi na ng'ombe. Lakini mbwa ana tabia moja mbaya. Hachagui. Kitu chochote chenye harufu ya nyama, mafuta au samaki, yeye hukibugia. Hatafuni sana. Humeza tu.

Huenda utauliza: mganga wa watu ana habari gani na tumbo la mbwa? Ziko sababu mbili. Kwanza, mlinzi akifa ni hasara kwa nyumba nzima. Pili, mbwa aliyemeza kitu kibaya anaweza kufanana na mbwa mwenye kichaa. Mwenye mbwa akikosea hapo, anaweza kupoteza maisha yake mwenyewe. Sababu hii ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

VITU GANI HUMEZWA?

Tazama uwanja wako leo. Utaviona vitu vyenyewe vimelala chini.

Liko gunzi la hindi la kuchoma. Iko kokwa ya embe. Uko mfupa uliotupwa baada ya chakula. Kiko kitambaa cha kushikia sufuria, kimelowa mafuta. Iko soksi, na kipande cha kandambili. Liko sponji la godoro kuukuu. Iko kamba ya gunia, uko uzi wa kushonea pamoja na sindano yake. Kwenye vijiji vya wavuvi uko mshipi pamoja na ndoano, na ndoano ina chambo. Uko pia mfuko wa nailoni uliofungiwa nyama au dagaa.

Kwa mbwa vyote hivi ni chakula, kwa sababu vinanuka chakula. Mbwa mwenye njaa humeza zaidi. Mbwa mdogo humeza zaidi, kwa kuwa hucheza na kila kitu kwa mdomo.

KITU KIKISHAMEZWA KINAKWENDA WAPI?

Chakula hutoka mdomoni, hupita kooni, huingia katika mfuko wa tumbo. Humo husagwa na kulainishwa. Kisha huingia katika utumbo mwembamba. Utumbo huu ni bomba refu la nyama, refu kuliko mbwa mwenyewe. Hujiminya na kujiachia, hujiminya na kujiachia, na hivyo husukuma chakula mbele mpaka utumbo mpana. Mwisho hutoka kinyesi.

Mfuko wa tumbo ni mpana. Utumbo mwembamba ni mwembamba kweli. Kwa hiyo kitu kinaweza kukaa ndani ya mfuko wa tumbo kwa siku nyingi bila kuleta shida kubwa. Gunzi la hindi haliyeyuki tumboni. Linaweza kukaa humo hata kwa wiki kadhaa. Siku moja linasukumwa kwenye utumbo mwembamba, nalo linakwama. Mwenye mbwa anashangaa, kwa maana mahindi yalikwisha kuliwa zamani.

Kitu kikikwama, utumbo huendelea kusukuma. Hauwezi kukipitisha. Chakula na maji hurundikana nyuma ya kizuizi, na mbwa hutapika. Mahali kilipokwama, utumbo hubanwa na damu haipiti vizuri. Sehemu ile hufa, kisha hutoboka. Uchafu wa utumbo humwagika ndani ya tumbo. Mbwa aliyefikia hapo hufa upesi asipopata daktari.

KAMBA NA UZI NI HATARI ZAIDI

Wengi hudhani uzi ni kitu laini, hauwezi kudhuru. Sivyo.

Chukua kaptula yenye kamba kiunoni. Shika kamba, uivute. Utaona kitambaa kinakunjamana na kujikusanya. Ndivyo unavyofanya utumbo wa mbwa aliyemeza uzi. Ncha moja ya uzi hunasa chini ya ulimi au katika mfuko wa tumbo. Ncha ya pili huvutwa mbele na utumbo. Utumbo hujikunja juu ya uzi ule. Kadiri unavyosukuma, uzi huukata kama kisu.

Ukiona uzi au kamba inaning'inia mdomoni au nyuma ya mbwa, usiivute. Ukivuta utaupasua utumbo.

DALILI ZA UTUMBO KUZIBA

Tazama kwa macho. Usimshike mbwa bado. Sababu utaisoma hapa chini.

1. Anatapika mara nyingi. Akinywa maji, anayatapika.

2. Hataki kula, hata nyama.

3. Hapati choo, au anapata kidogo sana, pengine chenye damu.

4. Tumbo linamuuma. Anasimama amejikunja mgongo. Pengine anashusha miguu ya mbele chini na kuinua ya nyuma, kama anayejinyoosha, na anakaa hivyo kwa muda.

5. Tumbo linajaa.

6. Ananyong'onyea. Macho yanaingia ndani. Haji ukimwita.

Si kila mbwa aliyemeza kitu atakufa. Kitu kidogo na laini kinaweza kupita na kutoka na kinyesi baada ya siku chache. Ikiwa mbwa wako anakula, anachangamka na anapata choo, mwangalie kila siku. Lakini akitapika mara kwa mara na kukataa chakula, usingoje kesho. Utumbo ulioziba kabisa huua kwa siku chache.

SASA SIKILIZA VIZURI: KICHAA CHA MBWA

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jambo kubwa.

Mbwa anatokwa mate. Mdomo uko wazi. Anajaribu kumeza, hawezi. Mwenyewe anasema: "Maskini, amekwamwa na mfupa." Anatia mkono kinywani autoe. Haupati. Mkono una mchubuko mdogo alioupata shambani, na mate yameingia humo.

Mbwa yule huenda hakukwamwa na mfupa. Huenda ana kichaa.

Watu wengi wanajua kichaa cha mbwa cha namna moja tu: mbwa mkali, anakimbia ovyo na kuuma kila anachokutana nacho. Lakini iko namna ya pili, ya kimya. Mbwa hakimbii. Anajificha mahali penye giza. Taya la chini linalegea na kuning'inia. Koo linapooza, hawezi kumeza, mate yanamtoka. Sauti ya kubweka inabadilika. Miguu ya nyuma inalegea, anapepesuka. Mtu akimwona hudhani ana mfupa kooni.

Liko na jambo jingine. Mbwa mwenye kichaa anaweza kumeza vitu visivyo chakula: vijiti, mawe, udongo, matambara. Kwa hiyo hata ukimwona anameza mawe, usiseme tu ni njaa. Akiwa ameanza tabia hiyo ghafula, mwogope.

Basi tutawatofautishaje? Mara nyingi mbwa mwenye utumbo uliozibwa anatapika, lakini taya lake linafunga vizuri na anakutambua wewe mwenyeji wake. Mwenye kichaa cha kimya taya lake huning'inia na hawezi kumeza hata maji. Lakini wewe na mimi hatuwezi kuwa na hakika kwa kutazama tu. Kwa hiyo sheria ni moja: mbwa yeyote anayetokwa mate na kushindwa kumeza, mhesabu kuwa ana kichaa mpaka mtaalamu wa mifugo aseme vinginevyo. Usitie mkono kinywani mwake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuanza, chanjo huokoa. Kwa hiyo kinachookoa maisha ni kuwahi.

UFANYE NINI MBWA AKIUGUA HIVI?

Waondoe watoto karibu naye. Acha mlango wa banda au chumba kitupu wazi ili aingie, kisha funga. Asipoingia, usimkamate kwa nguvu. Usimpe chakula.

Nenda kwa afisa mifugo wa kijiji au kata, yule ambaye wengi tunamwita Bwana Mifugo. Mweleze mambo haya: mbwa alianza kuugua lini, ametapika mara ngapi, alipata choo lini mara ya mwisho, ni kitu gani kimepotea nyumbani, taya lake linafunga au halifungi, alichanjwa kichaa cha mbwa mwaka gani, aliumwa na mbwa mwingine au mnyama wa porini siku za karibuni. Ukiwa na kadi ya chanjo, ichukue.

Ikiwa utumbo umeziba, dawa yake hasa ni upasuaji. Daktari wa mifugo humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, hufungua tumbo, hutoa kitu kile, kisha hushona. Sehemu ya utumbo iliyokufa hukatwa, na sehemu mbili nzima huunganishwa. Kazi hiyo haifanyiki kila kijiji. Afisa mifugo atakueleza kama inawezekana wilayani kwenu na gharama zake. Pengine atasema mbwa hawezi kupona, na ni afadhali afe bila mateso. Ni neno gumu, lakini ni bora kuliko kumwacha ateseke kwa siku nyingi.

MAMBO YA KUACHA

Usimnyweshe mafuta ya kupikia, maji ya sabuni, chumvi wala mafuta ya taa. Mbwa anayetapika akinyweshwa kwa nguvu, vitu hivyo huingia mapafuni.

Usimpe haluli. Haluli huusukuma utumbo uliozibwa, nao unaweza kupasuka.

Usimpe vidonge vya maumivu vya watu. Panadol, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumwua mbwa.

Usimpige wala kumkanyaga tumbo ili atapike.

UKIUMWA AU UKIGUSWA NA MATE

Mbwa akikuuma, akikukwaruza, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, fanya hivi:

Kwanza, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Mwenzako amimine maji kwa kata au kopo, wewe uoshe. Usione ni muda mrefu. Sabuni huua virusi vya ugonjwa huu. Jichoni na mdomoni tumia maji safi peke yake.

Pili, usipake majivu, pilipili, mafuta wala dawa za majani.

Tatu, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Zahanati isipokuwa na chanjo, itakuelekeza kituo cha afya au hospitali yenye chanjo. Sindano si moja. Zina tarehe zake, na ni lazima umalize zote.

Usingoje uone kama mbwa atakufa. Usiseme, "Ni mbwa wangu mwenyewe, namjua." Virusi havijui mwenyeji.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, wananchi walijifunza usafi, wakachimba vyoo kwa mikono yao. Kazi ya namna ile bado ina faida leo. Mambo ya kufanya ni haya:

1. Chimba shimo la taka. Liwekee ua wa miti au miiba ili mbwa wasiingie. Fukia taka kila mara.

2. Magunzi yaweke jikoni yawe kuni. Mifupa na kokwa za embe zitupe shimoni, si uwanjani.

3. Vitambaa vya jikoni, soksi, nyuzi na sindano vitundike juu. Mvuvi ahifadhi ndoano zake ndani ya kopo lenye kifuniko.

4. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini plastiki za kufungia vitu bado zipo. Ziokote. Haziui mbwa tu. Ng'ombe na mbuzi nao huzila, zikajaa tumboni.

5. Mpe mbwa chakula cha kutosha kila siku. Mbwa aliyeshiba hapekui sana jalala.

6. Mpeleke mbwa achanjwe kichaa kila mwaka. Wafundishe watoto wasicheze na mbwa mgonjwa.

Ndugu msomaji, shimo la taka na chanjo si vitu vigumu. Jembe unalo. Zamu ya chanjo ikitangazwa kijijini, mfunge mbwa kamba umpeleke. Mbwa hawezi kujua lipi ni chakula na lipi ni sumu kwake. Anayejua ni wewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja vitu vitano vilivyo uwanjani kwako ambavyo mbwa anaweza kumeza.

2. Kwa nini hairuhusiwi kuvuta uzi unaoning'inia mdomoni mwa mbwa?

3. Jirani anasema mbwa wake amekwamwa na mfupa, na anataka kutia mkono. Utamwambia nini?

4. Jeraha la kuumwa na mbwa huoshwa kwa nini, na kwa muda gani?

5. Katika kijiji chenu mbwa walichanjwa lini mara ya mwisho? Nani atakwenda kumwuliza afisa mifugo juu ya zamu ijayo?